Rasimu ya Tatu

Jumamosi, saa tatu kasoro, ghala la kahawa nyuma ya reli.
Magunia yaliondoka miaka mingi, harufu imebaki.
Viti vimekodiwa kwa watu wa harusi,
mgongoni vimeandikwa KAMATI.
Nimekaa safu ya nne, karibu na nguzo,
mkoba mapajani
kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Tamthilia sita, siku mbili, hakuna hata moja iliyokwisha.
Ndivyo alivyotutahadharisha Kandida
na kipaza sauti chake kinachokoroma:
"Msitafute pazia, hatuna pazia.
Mtaona watu wameshika karatasi.
Ziacheni karatasi, sikilizeni watu."

Ya kwanza ilikuwa na mfalme. Nikasinzia.
Ya pili, ndugu wawili na zamu ya maji ya mfereji;
katikati ya matusi mvua ikashuka juu ya bati.
Kijana wa kusoma maelekezo akasoma alichoandikiwa:
"Kimya. Kimya kirefu."
Bati likanguruma.
Tukacheka mpaka ndugu wale wakasahau ugomvi wao,
na mwandishi, kule pembeni, akaandika kitu harakaharaka.

Ya tatu ni ya Anaeli, mtoto wa dada yangu.
Aliniambia tu, "Mama mdogo, uje, kuna chai."
Hakuniambia kuna mlango.

Mwanamume amerudi saa nane usiku. Anabisha.
Ndani mwanamke amesimama, mkono kwenye komeo, hafungui.
Anahesabu. Anafika kumi na moja.
Nami nilidhani namba ile nimeificha vizuri.

Mwigizaji, binti wa Pasua mwenye sauti ya mtu mzima,
akafunua ukurasa wa kumi na tisa.
Mweupe.
"Hapo ndipo nilipoishia," akasema Anaeli, amekaa sakafuni.
"Sijui kama anafungua."

Kandida akasimama: "Msiseme mmependa. Semeni mmesikia nini."
Mwalimu Filbati, mstaafu, alisikia ukoloni.
Mwanafunzi mwenye daftari alisikia mfumo dume.
Mama wa maandazi, pale mlangoni, alisikia njaa:
"Mtu wa saa nane usiku huyo, hajala."
Mkono wangu ukanyanyuka bila kuniomba ruhusa.
Nikasema, hakukataa.
Komeo lilikuwa limevimba kwa masika.
Alivuta, halikutoka,
na alipoacha kuvuta
aliona ni vizuri pia.

Watu wakageuka kunitazama.
Anaeli hakugeuka. Aliandika.

Usiku, nyumbani Njoro, nililishika komeo gizani.
Linateleza kama siagi.
Fundi alilibadilisha mwaka ule ule, wiki ile ile,
nikamlipa bila kuomba punguzo.

Jumapili niliikosa ibada ya kwanza, na ya pili.
Mlima nao haukutoka, ulikuwa bado mazoezini.
Kurasa mpya zilikuja na joto la fotokopi,
binti wa Pasua akazipuliza kama uji, akasoma:
"Limevimba." Anavuta.
"Limevimba." Anaacha.
Na yule kijana, kwa sauti yake isiyo na upande:
"Anaona ni vizuri pia."

Nyuma yangu mtu alicheka kwa pua.
Mama wa maandazi akasema, "Mh."
Miaka ishirini na sita,
na hiyo "mh" ndiyo hukumu ya kwanza niliyosomewa.

Jioni tulipanga viti. Mimi nikashika upande huu,
Anaeli upande ule, penseli ikiwa imechomekwa kwenye nywele.
"Mama mdogo, halafu?"
"Halafu nini?"
"Akishaacha kuvuta. Mpaka asubuhi anafanya nini?"

Lori la watu wa harusi lilishapiga honi mara mbili.
"Anachambua maharage," nikasema.
Akachomoa penseli.
"Ya watu wangapi?"

Nikaanza kuhesabu viti.